Ile Kumi na Moja Ndani ya Namba ya Mzee Faki

Jumatatu, Tibirinzi. Mvua imeanza alfajiri, na mpaka sasa, alasiri imeshapita, bado haijaamua kama inakatika au inaendelea. Nimefundisha vipindi vinne na nguo mbichi mwilini. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Wanaopita kwenye ukurasa huu wamezoea kunisoma nikilalamikia umeme, chaki zinazovunjika, na wanafunzi wanaokata tamaa kabla hawajafungua daftari. Leo nina malalamiko juu ya namba moja tu. Hii hapa:

2,562,560.

Kwetu namba hii inajulikana kuliko siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Imeandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi iliyotiwa fremu ya kioo, nayo imetundikwa sebuleni kwa Ami Khatib kule Msuka. Ami Khatib ni kaka yake baba, na ndiye msemaji wa ukoo. Karatasi yenyewe iliandikwa na shehe mmoja, marehemu siku nyingi, aliyepiga hesabu ya mirathi ya Mzee Faki. Mzee Faki ni babu yao Baba na Ami Khatib. Aliacha shamba la minazi na mikarafuu ambalo mpaka leo halijagawanywa. Kila mwaka husemwa mwakani.

Anayekuja kuposa kwetu huoneshwa fremu kabla hajaletewa chai. Ami Khatib humsimamisha mbele yake na kumwambia kwamba mali ya babu yetu ilihesabiwa kwa mamilioni. Nimejaribu kueleza tangu nikiwa chuoni kwamba namba ile haisemi mali ilikuwa kubwa kiasi gani. Inasema tu mali ikatwe vipande vingapi ili kila mrithi apate haki yake pasi na baki. Mtu anaweza kufa akaacha mbuzi mmoja, na kama warithi wake ni wengi na wengine wamefariki kabla ya kugawana, hesabu ya mbuzi yule ikafika milioni. Niliambiwa elimu imenifanya niwe mjuaji. Nikanyamaza.

Kunyamaza nakujua vizuri. Leo nitakuandika kwa ukamilifu wake.

Mwezi uliopita Ami Khatib aliamua kwamba safari hii tunagawana kweli, kabla wazee waliobaki hawajaisha. Kazi ya hesabu nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu wa hisabati wa ukoo na kwa kuwa sitaki malipo. Nilifurahi. Naandika hivyo ili nijione nilivyokuwa mjinga: nilifurahi.

Nikaanza na orodha ya warithi aliyonisomea Ami Khatib mwenyewe kwa simu. Mzee Faki alimwacha mke mmoja na watoto watano, wote wanaume. Mke akafariki baadaye, naye akarithiwa na wanawe hao hao. Kisha wana watatu wakubwa wakafariki mmoja baada ya mwengine, kila mmoja na watoto wake, na hapo ndipo shehe alipoitwa. Wa nne alikuwa babu yangu, aliyekuwa hai wakati huo, na wa tano mdogo wao. Waliokufa baadaye ningewaongeza mwishoni. Kwanza nilitaka niifikie namba ya shehe, kama mtu anavyopima kitambaa upya kabla ya kutia mkasi.

Sikuifikia. Nilipata 29,120.

Nikarudia. 29,120. Nikabadilisha njia, nikaenda kwa mtindo wa zamani wa vitabu vya mirathi, hatua kwa hatua. 29,120. Shehe aliyekuwa akisifika Pemba nzima kwa hesabu za mirathi alikuwa amepata namba kubwa kuliko yangu mara themanini na nane kamili, na mimi sioni hata pa kuanzia kumkosoa.

Alhamisi iliyopita, saa za mapumziko, nilikuwa kwenye meza ya walimu na picha ya karatasi ile kwenye simu. Kidato cha pili huwa nawachezea mchezo mmoja. Nawaambia waandike tarakimu tatu zozote kisha wazirudie, kwa mfano 347347. Naigawa kwa 7, inagawanyika. Jibu nalo nagawa kwa 11, linagawanyika. Nagawa tena kwa 13, linagawanyika, na kinachobaki ni 347 yao ile ile. Wanadhani nina jini. Siri ni kwamba kurudia tarakimu tatu ni sawa na kuzidisha kwa 1001, na 1001 ni 7 mara 11 mara 13, basi.

Nikaitazama ile picha, nikaona 2560 imepandiana na 2560 nyingine. 2560 mara 1001. Miaka yote naiona na sikuwahi kuiona.

Nikaivunja yote. Mbili tisa zinazozidishana, kisha 5, kisha 7, kisha 11, kisha 13. Hakuna zaidi. Hizo ni namba tasa, hazivunjiki tena, na katika hesabu ya mirathi namba tasa haiji kutembea tu. Inaletwa na watu. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, kwa hiyo kila familia huacha alama yake humo ndani, na mwenye subira anaweza kuisoma.

Nikaanza kuwatafuta wenyewe. 13 ni ya mtoto wa pili wa Mzee Faki, aliyeacha wanaume sita na mwanamke mmoja: kumi na mbili na moja. 7 ni ya mtoto wa tatu, wanaume wawili na wanawake watatu: nne na tatu. Mtoto wa kwanza aliacha wanaume watatu na wanawake wawili, mafungu manane, na mafungu hayo pamoja na thumni ya mkewe, ile moja ya nane, yameongeza zile mbili tu. 5 ni wana watano waliogawana urithi wa mama yao. Kila mmoja nikamkuta nyumbani kwake.

11 haikuwa na mwenyewe.

Nilikaa nayo mpaka kengele ikalia na sikuisikia. Wana watano ni mafungu kumi. Ili shehe apate kumi na moja kwenye mirathi ya Mzee Faki, lazima pawepo fungu moja zaidi. Fungu moja ni la mtoto wa kike. Nikamtia. Nikasema Mzee Faki ana binti, na binti huyo si wa mke aliyebaki bali wa mke mwengine wa mwanzo, kwa sababu kwa mama wa wale watano hakurithi kitu. Nikapiga hesabu upya.

2,562,560. Haikupungua hata moja.

Na nilimjua. Wallahi nilimjua kabla sijamaliza kuzidisha.

Pembeni mwa shamba lile la Msuka pana kibanda cha udongo, na ndani yake anaishi Bi Riziki, mzee wa miaka sabini na kitu, msusi wa mikeka. Mama yake aliitwa Mize. Sisi sote tumekua tukiambiwa kwamba Mize alikuwa mlelewa wa Mzee Faki, mtoto wa mwanamke wa bara aliyekuja kuchuma karafuu akafa, na Mzee Faki kwa huruma zake akamchukua. Kwa huruma hizo hizo, wanasema wazee wetu, Bi Riziki ameachiwa akae. Bi Riziki hakuwahi kuikubali hadithi hiyo. Alikuwa akisema kwamba yule mwanamke wa bara aliolewa kwa ndoa, na mama yake ni binti wa Mzee Faki wa damu. Watu walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mtu mwenye homa.

Likizo zangu za utotoni nilizimaliza kwenye mlango wa kibanda chake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa miyaa, zile chane za ukindu, akinipangia mbili mbili na tatu tatu kabla ya kuisuka. Nilipopata nafasi ya chuo aliniambia siku moja nimwangalilie ile karatasi ya kwa Khatib, kwani mama yake yumo. Nikamwitikia kama tunavyowaitikia wazee. Karatasi ile ina namba tu. Nusu yake ya chini, yenye majina ya warithi, haipo, na tuliambiwa imeliwa na mchwa.

Ijumaa niliikuza ile picha kwenye simu, nikatazama ukingo wa chini. Umenyooka kama pindo la kanzu. Mchwa gani hao wanaokula kwa rula?

Hapo ndipo pangekuwa mahali pazuri pa kuishia hasira yangu, ningekuwa na wa kuwalaumu kule Msuka na mimi nikabaki mwema. Lakini Baba, ambaye sasa ninaishi naye hapa Tibirinzi, alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alinisomesha kwa sare za shule na kanzu za maharusi. Na Baba hakuwahi kutumia rula. Wateja walikuwa wakija kumtazama tu akikata, mkasi unavyokwenda toka ncha hadi ncha bila kusita.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimkuta amekaa karibu na cherehani yake asiyoitumia tena. Nikamwonesha simu. Alitazama ule ukingo wa chini, akaivua miwani.

"Miye ndo nilokata," alisema. "Khatib kanambia nkono wako hautetemeki."

Mengine niliyapata kidogo kidogo. Mize alikuwa ndiyo kwanza amefariki, na Riziki alikuwa kijana, mjane mwenye mtoto mchanga ambaye naye hakuishi. Angekuja kudai fungu la mama yake. Hakuwa na kaka, hakuwa na ami, hakuwa na mtu wa kumsemea. Ami Khatib alitaka karatasi yote ichomwe. Baba ndiye aliyeona namba ni nzuri, inapendeza, ni hasara kuiunguza. Kwa hiyo wakakata majina na wakabaki na namba, kwa kuwa namba haina jina la mtu.

Wangekuwa wanajua hisabati wangeichoma.

Nataka niseme jambo moja hapa maana najua litageuzwa. Dini haikumdhulumu Mize. Shehe alikaa akampa haki yake mpaka kipande cha mwisho: 203,840 katika 2,562,560. Ni sisi tuliomla. Na ukubwa ule wa namba tunaowaringia wachumba umetoka kwake yeye. Bila Mize tungekuwa na elfu ishirini na tisa, namba ya kawaida kabisa, isiyostahili hata fremu ya mbao. Miaka yote tunajisifu kwa mtu tuliyemfuta.

Sasa nifike kwenye Jumapili, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Nilikwenda Msuka na Baba. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ya orodha yao, 29,120. Ya pili ya kweli, jina la Mize binti Faki likiwa juu kabisa. Nilikuwa nimejipanga: naanza na ya kwanza, wananiuliza, natoa ya pili. Mwalimu mzuri humwacha mwanafunzi aulize mwenyewe.

Wazee walikaa sebuleni kwa Ami Khatib, chini ya fremu. Wanawake walikuwa uani wanapika, na Bi Riziki alikuwa pamoja nao, anakuna nazi ya watu wengine kwa ajili ya kikao cha kuwagawia watu wengine kibanda chake. Wazee walikuwa wamekubaliana shamba likatwe milango mitano, mmoja kwa kila mtoto wa Mzee Faki, na kila mlango ujigawie wenyewe ndani. Kibanda kinaangukia mlango wa nne. Mlango wa nne ni wetu, wa Baba na Ami Khatib na sisi watoto wao. Bi Riziki, alisema Ami Khatib, atahamishwa taratibu.

Nikasoma ya kwanza. Nilipotaja 29,120 kila mtu alinyanyua macho kutazama ukutani. Ami Khatib hakufurahi hata kidogo. Ilikuwa kama nimewaambia babu yao alikuwa ombaomba.

"Shehe kaandika milioni mbili na nusu," alisema. "Weye watuletea elfu ishirini na tisa. Hao wengine umewapeleka wapi?"

Aliuliza hivyo hivyo. Hao wengine umewapeleka wapi. Ami Khatib, mbele ya wazee wote, kwa kinywa chake. Sijawahi kupewa mlango ulio wazi zaidi ya ule. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeshika karatasi ya pili. Nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama vidole vyake, na vilikuwa vinatetemeka, yeye ambaye mkono wake hautetemeki. Nikaona nikiitoa karatasi hii, kabla ya jua kuzama Msuka nzima itakuwa inajua nani alishika mkasi.

Nikautoa mkono mtupu.

Nikawaambia haina shida, namba ya shehe inaweza kubaki. Nikachukua kalamu nikazidisha kila kitu kwa themanini na nane. Hapo mbele yao. Ukizidisha vipande vyote kwa namba moja, mgao haubadiliki, na jumla inakuwa unavyotaka iwe. 29,120 mara 88 ni 2,562,560. Kila mlango ukapata 512,512. Wazee walikipenda kile kifungu kinavyojirudia, 512 na 512 tena. Ami Khatib akanisifu akasema kusoma si bure. Na ile kumi na moja bado imo mle ndani, imekaa mahali pake, ila sasa haina maana yoyote. Nimeifanya pambo.

Baba na Khatib walikata karatasi. Mimi nilikata hesabu, na mimi nilijua ninachokifanya. Wao angalau walikuwa vijana.

Tulipokuwa tunaondoka Bi Riziki alinifuata mpaka njiani. Alinipa kipande cha mkate wa kumimina amekifunga kwenye jani la mgomba, kama alivyokuwa akinipa nikiwa darasa la tatu. Akaniuliza taratibu ili Baba asisikie.

"Na miye nimo, mwanangu?"

Nikamwambia bado nahesabu.

"Haya, hesabu," alisema. "Miye subira n'nayo. Siku ndo sina."

Mkate ule nimeufungua leo asubuhi, umeshachacha. Nimeutupa na nimejichukia.

Alhamisi wazee wanatia saini pale pale kwa Ami Khatib, mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na mimi natakiwa nitie yangu chini, kama mpiga hesabu. Nimezunguka na jambo hili kutwa nzima, ubaoni, njiani, kwenye mvua. Nimejiambia ni mzee, hana watoto, akifa fungu lake halitamfaa. Nimejiambia nitamjengea mimi chumba kwa mshahara wangu. Nimejiambia Baba ana presha. Kila sababu nikiigawa inabakiza kitu kile kile: mwanamke aliyenifundisha kuhesabu kaniuliza kama yumo, na anajua kwamba yumo, na nimemwambia bado nahesabu.

Na kuna hili ambalo limenijia leo darasani, katikati ya kuandika. Mize ni dada yake babu yangu. Mtoto wa Mize, kwa mila zetu, ni dada yao Baba na Ami Khatib. Miaka arobaini na moja namwita Bi Riziki, kama ninavyomwita muuza vitumbua, na hakunirekebisha hata siku moja.

Karatasi ya pili nimeiweka juu ya cherehani ya Baba tangu mchana. Nilipopita sasa hivi ilikuwa imekunjwa mara nne, na sikuikunja mimi. Kisha ameniomba nimpigie pasi kanzu yake nyeupe kwa ajili ya Alhamisi. Sijui anakwenda kukaa upande gani, na sitamuuliza, maana akinijibu nitapata kisingizio.

Hesabu imeshaandikwa hapa, kila mtu anaweza kuipiga mwenyewe: mbili tisa, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Binamu zangu mnaosoma hapa, mnaweza kumpelekea Ami Khatib hata sasa. Nimeiweka makusudi, kwa sababu najijua. Nikibakisha njia ya kurudi nyuma, nitairudia.

Alhamisi sitaanza na hesabu. Nitapita uani kwanza, walipo wanawake, nisimame mlangoni ambapo hata waliokaa sebuleni watanisikia, niseme kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika madawati ya nyuma: Shikamoo, shangazi.